Habari kwa Mafungu

Nyumbani tulimwita Balozi, na si kwa heshima. Mtoto wa kaka yangu alikwenda chuo kusomea uhasibu, jambo ambalo ukoo mzima ulilielewa, halafu mwaka wa pili akatuambia amechagua lugha na utamaduni wa Japani kuwa somo lake dogo la pembeni. Kaka yangu aliweka kikombe chini.

"Kijapani? Utaongea na nani, na hii pasi yetu iliyotoka huko?"

Jina likamganda tangu siku hiyo. Balozi, njoo uoshe vyombo. Balozi, serikali yako inasemaje kuhusu viatu vyako hapa mlangoni?

Mimi ni muuguzi, nimezoea mambo yenye faida inayoonekana, na niliona ule ni upuuzi mtupu. Lakini yule mtoto alikipenda hasa. Jumamosi alikuja kwangu na makaratasi yake, akachora herufi zao juu ya meza ya jikoni huku ulimi umemtoka pembeni. Alinieleza kwamba mtu akikupa kadi yake unaipokea kwa mikono miwili, unaisoma kwanza, ndipo unaiweka. Akanisimamisha mbele ya friji anifundishe kuinama.

"Shangazi, hapo umeinama kama unatafuta sarafu."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Darasani walijifunza kuagiza chakula, kuuliza njia, kuomba radhi kwa kuchelewa. Kumwambia mtu kwamba mwenzake anakufa hawakufundishwa. Somo dogo halifiki huko.

Kisha akaletwa wodini kwetu mzee wa Kijapani. Alikuja kutembea na mkewe, akaanguka hotelini, mshipa ukapasuka kichwani. Mkewe, bibi mwembamba mwenye nywele fupi, hakujua lugha yoyote ila yake. Tulikuwa tukielewana kwa vidole. Asubuhi ya pili daktari aliitazama picha ya kichwa, akanivuta pembeni.

"Sista, huyu hafiki jioni. Mkewe aambiwe sasa hivi, asibanduke hapa. Hakuna mtu anayejua lugha yao?"

Mtu wa ubalozi wao, yaani ubalozi wa kweli, alikuwa ameahidi kufika kesho yake. Nikampigia simu mtoto wa kaka yangu.

Alikuja mbio kutoka darasani, begi mgongoni. Nilimrudishia maneno ya daktari kama yalivyo. Uso ukamshuka.

"Nitaanza kwa kumwambia hali si nzuri," akasema. "Akishalimeza hilo, nitaongeza."

Nikasema sawa. Sisi sote ndivyo tunavyofanya. Mtu akifiwa unamwambia kwanza kwamba mgonjwa amezidiwa, aje. Lililobaki analikuta mlangoni, ameshikwa mikono huku na huku. Hatumtwishi mtu msiba wote kwa mara moja. Sikuona kosa lolote.

Akachuchumaa mbele ya kiti cha yule bibi, akainamisha kichwa, akasema fungu la kwanza. Bibi alisikiliza kwa makini, akaitikia, akauliza jambo. Balozi akajibu kwa maneno machache. Bibi akasimama, akazikunja nguo za kulalia za mumewe zilizochafuka, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akatuinamia mmoja mmoja, akatoka.

"Anakwenda wapi?" nikauliza.

"Hotelini. Ameuliza kama anaweza kwenda kumfulia mzee nguo, ili akiamka ajikute msafi. Shangazi, alikuwa anatabasamu. Nimeshindwa kusema hapana. Nimemwambia aende, awahi kurudi. Akirudi nitamwambia yote."

"Mwanangu, umechanganyikiwa? Kimbia!"

Alikimbia. Getini teksi ilikuwa imeshaondoka. Nilipiga simu hotelini, wa mapokezi akasema chumbani hakuna anayepokea. Baadaye tulijua kwamba bibi alikuwa nyuma ya hoteli, kwenye karo la wafuaji, anasugua kola kwa mikono yake. Balozi akarudi juu anahema, na wakati huo pumzi za mzee zilikuwa zimebadilika. Nimezisikia pumzi hizo mara nyingi mno. Nikaushika mkono mmoja wa mzee, nikamwambia Balozi akae, aushike wa pili.

Akaushika. Akainama sikioni mwa mzee, akawa anasema maneno yaleyale bila kupumzika, kwa upole, hata baada ya mimi kuona kwamba hakuna tena wa kuambiwa.

"Unamwambia nini?"

"Namwambia anakuja. Namwambia yuko njiani."

Nimewaona wengi wakifa, na huwa naendelea na kazi. Siku hiyo nilikwenda chooni nikalia.

Bibi alirudi na nguo zimepigwa pasi, bado zina unyevu kwenye mishono. Balozi alimpokea kwenye korido. Safari hii hakugawa kitu. Alisimama wima, akamtazama, akasema sentensi moja, fupi. Yule bibi hakupiga kelele. Aliziangalia zile nguo mikononi mwake, akazikunja upya ingawa zilikuwa zimekunjwa vizuri. Kisha akamwinamia yule mtoto, chini kabisa, akasema maneno marefu, akauliza swali. Balozi akajibu kwa neno moja tu. Bibi akapita, akaingia wodini, akafunga pazia.

Balozi aligoma kunitafsiria. Tulikaa kwenye benchi la nje ya wodi, chai niliyomletea ikapoa. Nilimwambia kosa ni langu pia, kwamba mimi mkubwa ningemzuia. Hakunisikia.

"Ameniomba radhi," akasema mwishowe. "Eti kwa kunipotezea siku ya masomo."

"Na alichouliza?"

Alifuta pua kwa mkono wa blauzi.

"Ameuliza, asubuhi, aliponiomba ruhusa ya kwenda, nilikuwa nimeshajua?"

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia ndiyo."