Mkono wa Generosa na Hedifoni Nzito

Generosa binti Maganga, Mama Charles kwa wale wenye adabu, hakuwahi kununua kitu bila kukipima kwa mkono. Chumvi alipima kwa mkono. Sabuni, kwa mkono. Hata mchumba wa kwanza aliyeletwa kwao kule Maganzo zamani hizo, alimshika kifundo cha mkono, akawaambia wazazi wake kwamba huyu ni mwepesi. Wakamwona mtoto mjeuri. Haukupita mwaka yule bwana akakimbia na ng'ombe wa baba yake mwenyewe. Aliyemwoa baadaye alikuwa mzito wa mwili, mzito wa maneno na mzito wa kuamka, lakini alikaa mpaka alipokufa.

Pale Nyarugusu mkono ule ulimpa jina. Wachimbaji wadogo walimpitishia punje zao za dhahabu kabla ya kwenda kwa mnunuzi. Yeye huiweka punje kiganjani, hufumba macho, husema, "Pointi nne," pointi kumi zikiwa ndiyo gramu. Mizani ikisema tano, watu waliilaumu mizani.

Basi mtu wa namna hiyo, amefika umri wa kukaa barazani na kupelekewa uji, bado alikuwa chini ya turubai la Maige, mwajiri wake, akiponda mawe. Asidhani mtu kwamba alikosa watoto. Charles yuko Bulyanhulu na kazi yake ya mshahara, na mara mbili alikuja kumchukua mama yake. Mara mbili alirudi peke yake.

"Niende nikakae kwako nitazame ukuta?" Generosa alimwambia. "Ukuta wako una nini ambacho sijakiona?"

Kazi yenyewe ni hii. Mawe yanatoka shimoni kwa viroba. Mwanamke anakaa chini, mbele yake jiwe bapa, na juu ya jiwe pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi ili vipande visiruke. Mkono wa kushoto unashika, wa kulia unapiga nyundo, mpaka jiwe liwe kokoto dogo la kuingia kwenye karasha, ile mashine ya kusaga. Ndoo nne kwa siku ndiyo heshima. Wapo wanaojaza tatu wakaenda zao wanajipepea kama maharusi.

Generosa alijaza nne kila siku, na siri yake ilikuwa wimbo. Huko alikokulia shamba lililimwa kwa ngoma. Watu thelathini kwenye mstari, manju anaimba mbele yao, majembe yanapanda, majembe yanashuka. Asiyekwenda na wimbo alijikata kidole cha mguu na hakuna aliyempa pole. Mkono uliofundwa hivyo haujui kufanya kazi kimya. Kwa hiyo alikuwa na simu yake ya kitochi, ndani yake memori kadi yenye nyimbo za kulimia, na kitochi alikilaza ndani ya bakuli la bati ili sauti ipande. Wimbo ukipanda, nyundo inapanda. Wimbo ukishuka, nyundo inashuka.

Kisha Maige akaleta karasha jipya, akalisimika hatua kumi kutoka turubai. Lilinguruma kama treni iliyomeza mawe. Kitochi ndani ya bakuli kikawa nzi ndani ya chupa. Generosa akawa anapiga nyundo bila wimbo, na nyundo isiyo na wimbo haina macho. Siku ya kwanza, ndoo tatu. Siku ya tatu, ndoo mbili, na ukucha wa kidole gumba ukaenda nazo.

Maige akaja, tumbo mbele, simu mbili mkononi na akili ya simu moja.

"Mama Charles, umri nao ni umri. Nakuvumilia mpaka Jumamosi. Usipofikisha ndoo nne, nafasi yako ya kivulini nampa mwingine. Wewe utakuwa unakuja kutusalimia tu."

"Nije nikusalimie wewe? Una nini cha kusalimiwa?"

Lakini moyoni aliijua maana yake. Ukitoka chini ya lile turubai unakwenda kukaa kwa Charles, kutazama ukuta.

Aliyekuwa akikaa karibu naye ni Rebeka, mwanamke wa umri wa binti yake. Huyu alikuwa na spika za masikioni chini ya kitenge chake cha kichwani, waya mwembamba wa kukaa utosini, na vipande viwili vya sponji vilivyolala juu ya masikio. Vibaya kutazama. Akazivua akampa.

"Mama, tafuta kama hizi. Zinakaa juu ya sikio tu, hazikuchoshi."

Generosa alizinyanyua kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya kwenye unga. "Hizi? Nyepesi kama ganda la karanga. Kitu chepesi ni uongo, Rebeka."

"Lakini zinaimba, mama."

"Hata mbu anaimba."

Mchana huo akaenda sokoni. Muuza hedifoni pale alikuwa Wiliam, kijana wa kuja, mwenye suruali iliyobana na maneno yaliyolegea. Amevaa hedifoni shingoni, kama vijana wote wa siku hizi. Sikio liko kichwani, hedifoni iko shingoni, sasa huko shingoni nani anasikiliza? Ng'ombe wa Usukuma huvishwa kengele ili asipotee. Hawa wamevishwa na bado wamepotea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka kitu cha kusikilizia wimbo kwenye karasha."

Wiliam akamtolea vidude vya kuchomeka ndani ya tundu la sikio.

"Nilisukume vumbi lote la mawe mpaka kwenye ubongo? Weka."

Akamtolea nyingine. "Hizi hazina waya, mama. Za kisasa."

"Zimefungwa na simu kwa kitu gani? Kwa imani? Weka."

Ndipo akaziona. Nyeusi, mbavu zinang'aa, vikombe vikubwa kama vifuu vya nazi. Akazipokea kiganjani, akafumba macho. Mkono ukashuka. Uzito ule ulikuwa uzito wa kitu cha kweli, umekaa sawa kulia na kushoto.

"Hizi," akasema.

"Zisikilize kwanza, mama. Nichomeke kwenye simu yangu hapa."

"Simu yako ina takataka. Na dhahabu huwa tunaiambia iimbe kabla ya kuinunua?"

Wiliam akachukua hela, bei ya kuku wawili wakubwa. Generosa alirudi turubaini amezivaa kichwani, na akapita mbele ya Rebeka mara mbili ili azione vizuri.

Kesho yake, Alhamisi, akachomeka, wimbo ukaanza. Manju aliimba kama aliyetumbukizwa kwenye pipa la maji. Ngoma ilisikika, mdomo haukusikika. Generosa akajisemea kwamba kitu kizuri huzoewa. Akainama kuponda. Kwenye pigo la tatu hedifoni zikamtelemkia puani. Akazirudisha. Pigo la tano, zikaanguka kwenye kokoto. Akazifunga kwa kitenge, akakaza fundo. Masikio yakapata moto kama yaliyofunikwa na sufuria, jasho likamshuka shingoni, na dunia yote ikazibwa, karasha, watu, kila kitu. Ndiyo maana hakusikia lori la mawe likirudi nyuma, wala wanaume waliokuwa wakipiga kelele, mpaka Rebeka alipomvuta kwa nguo akaanguka chali.

"Mayu wane! Mama Charles, hukusikia?"

"Nilisikia. Nilikuwa nakuja."

Jioni ndoo zilikuwa mbili. Rebeka alizitazama mara moja tu, akageuka, na hilo ndilo lililomuudhi.

Ijumaa asubuhi hedifoni zikateleza tena, na safari hii zikatua ndani ya pete ya mpira, nyundo ikiwa tayari inashuka. Kikombe kimoja kikapasuka. Generosa akakichungulia. Ndani kulikuwa na kispika kidogo kama kifungo cha shati, na kando yake kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi. Akapasua kikombe cha pili kwa makusudi. Chuma kingine, pacha wake. Havikuunganishwa na waya wowote. Havikuwa na kazi yoyote duniani ila kuwa vizito.

Wanawake wote chini ya turubai wakaacha nyundo. Kila aliyekaa Nyarugusu anaujua wizi huo. Mtu hutia shaba ndani ya dhahabu ili mkono wa mjinga uridhike. Sasa mkono ulioridhika ulikuwa wa nani?

Generosa akavibandua vyuma, akavifunga kwenye pindo la khanga, akaenda sokoni bila kuaga. Hakwenda kwa Wiliam. Alikwenda meza ya pili, kwa Mayala mnunuzi wa dhahabu, mwenye mizani ndogo ya kioo.

"Mwangaluka, Mayala. Nipimie hivi."

"Mwangaluka, mama. Hiki si chuma?"

"Nimekuambia upime, sikukuambia ukitaje."

Mayala akapima. "Gramu arobaini na mbili."

"Wiliam!" Generosa akaita, na soko likageuka. "Njoo uone unachouza. Gramu arobaini na mbili za chuma, kwa bei ya muziki!"

Wiliam akaja, akavitazama, na sura yake ikaonyesha kwamba hata yeye hakuwa akijua. Mfanyabiashara asiyejua tumbo la mali yake. "Mama, mimi naletewa zimefungwa. Na nilikuambia usikilize kwanza."

Watu wakamwangalia Generosa. Alikuwa amesema kweli, yule kijana, na kweli ikitoka kwenye mdomo wa namna ile inauma mara mbili. Hapo Mayala akacheka, kicheko cha kutoka tumboni.

"Mkono wa Mama Charles! Unaojua pointi nne gizani, umenunua chuma!"

Soko zima likacheka. Miaka yote ile ya punje kiganjani, na sasa hiki. Generosa akawaacha wacheke mpaka wakachoka.

"Mkono uliulizwa uzito, ukajibu uzito," akasema. "Gramu arobaini na mbili ni nyepesi? Masikio ndiyo hayakuulizwa. Wewe Wiliam, zipo zile za ganda la karanga?"

"Zipi, mama?"

"Za sponji, za waya mwembamba. Usinifanye nizisifie."

Wiliam akazitoa chini kabisa, kwenye boksi la vitu visivyotazamwa. Generosa hakuzinyanyua kuzipima. Alichomeka kwenye kitochi chake mwenyewe, akaziweka masikioni, akasimama pale katikati ya njia, wateja wanamkwepa, akasikiliza wimbo mzima. Manju alitoka kwenye pipa. Kila neno lilikuwa na mdomo wake. Akatikisa kichwa mara kumi kama mtu anayeponda, hazikusogea. Na Mayala alipokohoa kule mezani kwake, akamsikia akikohoa.

Akalipa bei yote. Hakuomba apunguziwe, Wiliam asije akajisifu kwamba alimsaidia.

Jumamosi alifika kabla ya wote, kitenge amekifunga mpaka kwenye nyusi. Rebeka akakaa, akamwangalia, akaona waya mwembamba ukishuka shingoni.

"Mama, hizo..."

"Nimeziokota."

"Umeziokota wapi?"

"Ponda mawe, Rebeka."

Rebeka akainama kuficha meno. Karasha likawashwa, likanguruma, na chini ya ngurumo ile watu thelathini wakajipanga kwenye mstari, majembe juu. Nyundo ikapanda nao, ikashuka nao. Kidole gumba kisicho na ukucha kikakaa mbali na njia yake, kama kinachojua. Saa sita, ndoo mbili. Saa tisa, ndoo ya tatu. Jua lilipoanza kulala juu ya rundo la mawe, ndoo ya nne ilikuwa imejaa mpaka inamwagika.

Maige akaja, tumbo mbele. Akazitazama ndoo, akaziinamia, akatafuta kasoro akaikosa.

"Mama Charles."

Nyundo ikapanda, ikashuka.

"Mama Charles! Nasema, nafasi yako ni yako."

Sponji ile ni nyepesi, haizibi kitu. Generosa alimsikia vizuri sana tangu mara ya kwanza. Lakini wimbo ulikuwa umebakiza beti mbili, na Maige hakuwa mtu wa kukatiziwa wimbo. Akamwacha asimame pale juani, na simu zake mbili, mpaka majembe yote yaliposhuka.