Wageni wa Ndani ya Benchi

Walimwita Mama Pindo kwa sababu hakuna nguo iliyopita mbele yake bila yeye kuishika pindo na kuipindua aone ilivyoshonwa ndani. Hata kama nguo hiyo ilikuwa mwilini mwa mtu. Hata kama mtu mwenyewe alikuwa bwana harusi. Hakuwa na nia mbaya, maskini. Macho yake tu hayakujua kupumzika, na mdomo ulifuata macho. Cherehani yake ilikaa karibu na mlango wa roshani, na kutoka hapo alishona sare za shule na mapazia ya nusu ya mtaa huku akitoa maoni kuhusu nusu nyingine.

Mumewe walimwita King'ora. Alikuwa dereva wa gari la zimamoto, na enzi zake, akianza kusimulia moto, wali ulipoa kwenye sahani na hakuna aliyejali. Kisha akastaafu. Siku aliyorudisha kofia ya kazi, alikaa kwenye kiti cha kona, na ni kama aliambiwa asiinuke tena. Ukimuuliza apikiwe nini, "Chochote." Ukimuuliza kuna habari gani, "Hakuna." Mama Pindo, aliyekuwa akigombana naye kwa raha zake miaka yote, alijikuta anagombana na ukuta. Hiyo "chochote" ilimkata maini kuliko tusi. Aliogopa, na hakumwambia mtu kwamba anaogopa.

Basi asubuhi moja akamkuta King'ora roshanini anapiga misumari. Anatengeneza benchi, tena benchi lenye kifuniko, kama sanduku.

"La nini hilo?"

"La kukalia," akajibu King'ora. "Ukae utazame okidi yako."

Sasa, okidi hiyo ilikuwa fedheha ya familia. Mdogo wake Mama Pindo, mpambaji wa kumbi za harusi, aliileta ikiwa imejaa maua meupe, ndani ya chungu kilichojazwa magome ya mti. Maua yakadondoka, na tangu hapo okidi ikatoa majani tu, huku mizizi yake ya kijivu ikining'inia nje ya chungu. Mama Pindo aliinywesha maji aliyooshea mchele, akaisemesha, akaitishia kuitupa. Wapi! Kila mdogo wake alipokuja, kabla hata hajavua viatu, aliuliza, "Vipi dada, bado tu unafuga majani?" Na alikuwa ameahidi kuja tena.

Benchi likawekwa, na Mama Pindo akawa analikalia kila jioni akipindia sare. Wiki zikapita. Okidi ikaanza kubadilika. Jani jipya likatoka, nene, linang'aa. Mizizi ikapata ncha za kijani. Halafu, lo, kikonyo cha maua kikachomoza, na vitumba vidogo juu yake. Mama Pindo akautangazia mtaa mzima kwamba maji ya mchele ni kiboko. King'ora alisikia, na kona ya mdomo wake ikacheza kidogo.

Siku moja kibiringo cha uzi kilimponyoka Mama Pindo, kikaviringika hadi uvunguni mwa benchi. Akainama kukitafuta, akaona sinia lililofichwa kule nyuma. Juu yake, kutoka kwenye tundu la benchi, kilikuwa kinadondoka kimiminika cheusi, tone baada ya tone. Macho yasiyopumzika yakafanya kazi yao. Akanyanyua kifuniko.

Ndani mlikuwa na ndoo. Ndani ya ndoo, maganda ya ndizi, karatasi zilizolowa, na minyoo. Minyoo wekundu, wembamba, hawahesabiki, wanapishana utadhani kuna soko wanakokwenda. Naye alikuwa amewakalia hao kila jioni!

Mwanamke huyu akiona jongoo hupanda juu ya meza. Siku hiyo alijiziba mdomo kwa sare ya mtoto wa watu, akashusha kifuniko taratibu, akaelekea ndani na maneno yamepangwa ulimini: ama mimi ama hao, chagua! Akamkuta King'ora jikoni anachanganya kile kimiminika cheusi na maji kwenye jagi, anaongeza maji, analiinua kwenye mwanga, anaongeza tena, hadi kikafifia kama chai ya rangi ya mtu bahili. Kumbe hiyo ndiyo mbolea ya okidi. Na alikuwa anapiga mluzi. King'ora, anapiga mluzi!

Alipomwona mkewe akashtuka, akaficha jagi nyuma ya mgongo. "Nilikuwa... nasafisha jagi," akasema. "Halafu, mama, umeona vile vitumba? Jana vilikuwa vidogo kuliko punje ya mtama. Leo tazama! Nakwambia ile okidi ina akili."

Alisema maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu astaafu. Mama Pindo akayameza yake yote, moja baada ya jingine, na hayakuwa matamu.

"Nimeona," akasema. "Ni maji yangu ya mchele."

Tangu siku hiyo akawa analinda siri ya mumewe, lakini kumwacha astarehe nayo, hapana, hilo lilimshinda. "Mume wangu," alimwambia jioni wakiwa roshanini, "mbona benchi hili linanukia mvua?" King'ora akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kesho yake Mama Pindo akasema atamwita seremala alifumue alipige msasa. "Seremala wa nini, nitapiga mimi!" King'ora aliruka utadhani kengele ya kituo imelia. Siku ya tatu Mama Pindo akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama mbao huwa zinatembea, kwa sababu anahisi kitu kinatembea. King'ora akaenda kujimwagia maji. Mama Pindo akacheka peke yake, uso kwenye kitambaa, mpaka sindano ikamchoma. Na kila jioni alijikaza, akawakalia wale minyoo roho mkononi, maana alijua siku akifungua mdomo King'ora ataona aibu, ataitupa ndoo, na kile kiti cha kona bado kilikuwa palepale kinamngoja.

Ndipo binti yao akahamia nyumba mpya, akamwomba baba aende akamsaidie kufunga makabati. King'ora alisitasita mlangoni, begi begani.

"Mama, hilo benchi usilisogeze."

"Sawa."

"Wala usilifungue. Lina misumari."

"Misumari mirefu?"

"Mirefu sana," akasema King'ora, akaondoka haraka.

Mama Pindo akabaki na wageni. Siku ya kwanza hakujali. Ya pili akaanza kuwawazia. Watakula nini? Mtu ameacha viumbe vyake nyumbani, arudi avikute na njaa? Na hapa ndipo alipoharibu. Mama Pindo katika maisha yake hakuwahi kumpa mgeni kitu kibichi. Maganda? Yeye? Majirani wakisikia? Akachukua maganda ya viazi na ya boga, akayaosha, akayabandika jikoni. Akatia chumvi. Akakaanga kitunguu pembeni. Na kwa kuwa aliamini kwamba chakula kisicho na pilipili ni cha mgonjwa, akatia pilipili, tena ya kutosha. Akaepua, akasubiri kipoe, hakutaka kuwaunguza. Kisha akafumba macho, akamimina chakula chote ndani ya ndoo na kusema, "Karibuni."

Asubuhi alipofunua, wachache walikuwa wamekwama kwenye ukingo wa ndoo wakijaribu kutoroka, wamekauka. Waliobaki chini walikuwa wamejikunja, wamepauka, hakuna anayecheza.

Akakaa sakafuni. Si minyoo aliokuwa akiwalilia, ingawa, ukweli usemwe, alikuwa ameanza kuwazoea. Aliiona ile kona ya sebule. Aliisikia "chochote". Amemrudisha mumewe pale kwa mikono yake mwenyewe, kwa kijiko na sufuria!

Akapiga moyo konde. Akamwaga ndoo, akaiosha harakaharaka, akachukua kijiko cha jikoni, akavaa subana yake ya chuma kidoleni, ile inayozuia sindano, kana kwamba minyoo huuma, akashuka nyuma ya jengo kwenye bomba la kufulia, ambako udongo haukauki. Akachimba. Kila aliyemtoa alimtoa na yowe. Jirani mmoja akachungulia dirishani akiuliza kama kuna usalama. "Naotesha mnanaa!" Mama Pindo akajibu, huku mnanaa wenyewe unajinyonganyonga kwenye kijiko. Alipopanda juu alikuwa na bakuli zima, kanga imelowa tope. Akaweka maganda mabichi, akawaweka wageni wapya, akafunika. Subana hakuiona tena, lakini hakuwa na nafasi ya kuitafuta.

King'ora alirudi mchana. Hakuomba hata maji. Akaenda roshanini moja kwa moja, akaurudisha mlango nyuma yake. Mama Pindo akakaa kwenye cherehani, akakanyaga bila uzi. Alisikia kifuniko kikifunguliwa. Akaacha kukanyaga. Minyoo aliowachimba walikuwa wa kijivu, wanene, mara tatu ya wale wekundu. Hata kipofu angewatofautisha. Akakitazama kile kiti cha kona, akakichukia.

Halafu akasikia sauti. Mwanzoni alidhani mtu analia. Ikapanda, ikakatika, ikapanda tena, na mlango wa roshani ukaanza kutikisika. King'ora alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha zamani cha kituoni kilichoamsha watoto wa ghorofa zote.

Akatoka anafuta macho, kopo la bati kwapani.

"Unacheka nini?" Mama Pindo akauliza.

"Nimekumbuka mambo ya kazini," akasema. Akapita karibu naye, na kwenye meza ya cherehani akaacha subana yenye udongo wa ndooni, kando yake kipande cha kitunguu kilichokaangwa na mbegu za pilipili. Kisha akasema anakwenda kununua wembe. Kutoka dirishani mkewe alimwona nyuma ya jengo amechuchumaa penye bomba, anawarudisha wale wanene udongoni kwao mmoja mmoja, kwa uangalifu, kama watu waliookolewa motoni. Baadaye alirudi amekumbatia kopo lile, sasa lina minyoo wekundu wapya, bila wembe.

Mdogo mtu alipokuja, vitumba vilikuwa vimefunguka vyote. Alisimama roshanini na viatu vyake miguuni, amesahau hata utani wake. Meupe, kila ua na koo la manjano.

"Dada! Umeifanya nini?"

Mama Pindo alikuwa ameketi juu ya benchi, mguu juu ya mguu. "Maji ya mchele," akasema.

"Maji ya mchele tu?"

"Ndiyo, shemeji," King'ora akadakia, naye akaketi kwenye benchi kando ya mkewe. "Dada yako ana mkono wa mimea, mimi sijui kitu. Ila nawe ukijaribu kwako, kitunguu na pilipili usitie."

Mgeni akamkodolea macho. "Nani anaweka pilipili kwenye maua?"

Mama Pindo alikuwa ameuficha uso kwenye bega la mumewe, na benchi lote lilikuwa linatikisika.