Upande Aliokaa Baba

Pale Tandika wengi hawalijui jina la Avelina. Wanamwita Mama Picha. Kibanda chake ni mbao chache na turubai, na pande zote ametundika fremu: maua, farasi, masahani ya kale ya Kichina, milango ya nakshi, majumba ya nchi za mbali. Picha zote hizo zilikuwa vitabu.

Wageni wanapohama Mbezi Beach kurudi makwao, madalali hununua vyombo vyao kwa mkupuo, friji, makochi, mpaka mapazia. Vitabu ndivyo vinavyobaki. Hasa vile vikubwa vya picha za sanaa na vitu vya kale, vizito kama tofali, ambavyo ukitaka kuvisoma lazima uvipakate kama mtoto. Avelina huvichukua hivyo. Huvipasua mgongo kwa kisu, taratibu, kama mtu anayetengeneza samaki, akatoa kurasa na kuzipunguza zienee kwenye kioo. Jirani yake Twalib, fundi fremu, anamalizia.

Kuna jambo alijifunza mapema kwenye biashara hii: watu hawanunui sura ya mtu wasiyemjua. Mwanzoni alitundika picha ya bibi mmoja aliyekaa na vyungu vyake, picha nzuri mno, bibi ana macho ya huruma. Mteja mmoja aliishika akairudisha haraka.

"Dada, hii nikiiweka sebuleni wageni si watanipa pole? Watauliza marehemu ni nani."

Tangu siku hiyo Avelina akawa anawakata watu. Chungu kinabaki, mfinyanzi anaondoka. Vipande anampa Mwanaasha, muuza karanga wa pale kona, anavisokota kuwa vifuko.

Mwezi wa tatu mama yake, Bernadeta, alikuja kutoka Masasi kutibiwa macho. La kushoto lilikuwa limeshafunga, la kulia linaona kwa kubahatisha. Hakupenda kubaki peke yake nyumbani, basi akawa anashinda kibandani, amekaa kwenye kigoda, anaulizia kila kinachopita.

"Shikamoo bibi," Twalib humsalimia kila asubuhi. "Leo unaniona?"

"Marahaba baba. Nakuona tumbo tu, kichwa bado."

Siku moja mama alinyoosha mkono kwenye fremu iliyokuwa karibu na goti lake. "Ave, hebu nipe hiyo nyeusi."

Ilikuwa picha ya kinyago cha mpingo, watu wamebebana kama mti, mmoja juu ya mwingine. Mama aliisogeza kwenye jicho la kulia mpaka pua ikagusa kioo. Akakaa hivyo muda mrefu. Avelina akadhani amesinzia.

"Hii kazi ya baba yako."

"Mama, vinyago vya hivi viko vingi."

"Vingi ndiyo. Mtazame mzee wa chini kabisa. Sikio lake lina alama? Patasi iliteleza, sikio likaruka. Baba yako alinuna siku nzima. Akaligandisha kwa gundi, mie nikapaka rangi ya viatu juu ili mzungu asijue."

Avelina aliinama. Alama ilikuwepo, kamstari kembamba kama unywele.

"Mzungu alikuja na kamera yake," mama aliendelea, sauti imeshachangamka. "Baba yako akakimbia kuazima shati kwa jirani. Akawekwa hapa, upande huu." Kidole chake kilitoka kwenye kioo, kikapanda mbao ya fremu, kikaishia hewani. "Mbona simwoni? Au ndiyo haya macho?"

Avelina aliutazama ukingo wa picha, pale kisu chake kilipopita. Baba yake, Albano, alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Picha pekee, ile ndogo ya kitambulisho, ilibandikwa kwenye msalaba wa kaburi lake, na mvua za mwaka ule zikaondoka nayo. Alipokuwa msichana alizoea kusimama mbele ya kioo akitoa usoni kila alichojua ni cha mama yake, pua, paji, midomo, na kilichobaki anakiita baba. Hakikubaki kikubwa.

"Nakuja, mama," akasema, na akatoka mbio.

Mwanaasha alikuwa anapepeta karanga. "Mama Picha, umeleta mzigo? Zile karatasi zako ngumu wateja wanazipenda, nawaambia hizi karanga za ulaya."

"Zile za wiki ile, Mwanaasha. Ziko wapi?"

"Shoga, ziko wapi! Watu wamekula, wametupa."

"Hata moja?"

Mwanaasha akamtazama usoni, akaacha utani. Akamwaga boksi lote chini, wakapekua pamoja. Walipata mkono wa mwanamke, kofia, nusu ya mtoto. Wakafungua hata vifuko vilivyokwisha kujazwa, karanga zikatapakaa, na Mwanaasha hakulalamika. Mwanamume hakuwemo.

Avelina alirudi akaburuta gamba la kitabu ilimotoka ile picha kutoka chini ya meza. Kurasa za maandishi zilikuwa bado zimeshikilia. Twalib, ambaye alifika kidato cha nne, akapitisha kidole kwenye Kiingereza mpaka akapapata.

"Wamesema ni kinyago cha mpingo. Kusini mwa Tanzania." Kidole kikashuka. "Mchongaji hajulikani."

"Hajulikani na nani?" mama akauliza.

Twalib akarudi kwenye fremu zake.

Hapo Avelina akakaa chini, akamweleza mama yake yote, kisu, wateja, vifuko vya karanga. Alisema huku anatazama vidole vyake. Alijaribu kuirudisha ile siku. Alikumbuka kwamba mawingu yalikuwa yametanda na alitaka kuwahi. Alikumbuka rula. Alikumbuka kisu kilivyokwama kidogo, kwenye bega au kwenye shavu, hajui. Uso wenyewe haukuja. Alikuwa nao mkononi, akaupita kama unavyompita mtu njiani.

Mama hakugomba. Alitafuta goti la mwanawe akaliwekea mkono.

"Kwa hiyo wewe ulimwona."

"Mama..."

"Mie uso wake umenitoka, Ave. Sauti yake ninayo, mwendo wake ninao. Uso uliondoka zamani, hata haya macho hayajaanza kuuma. Sikumwambia mtu. Ni aibu kumsahau mume." Akamsogelea. "Alikuwaje? Alinuna? Maana mzungu alimweka juani."

Avelina alifungua mdomo aseme kweli.

"Alikuwa anacheka, mama."

"Anacheka? Albano?" Mama akageuza jicho la kulia kwake. "Meno yalionekana?"

"Kidogo."

"Alikuwa na pengo la mbele. Hakuwaga anacheka kwa watu." Kisha uso wake wote ukalegea. "Basi siku hiyo alifurahi. Mie nilikuwa ndani napika, nikamwona mgongo tu. Na lile shati, lilimbana? Nilimwambia litambana."

"Halikumbana. Lilimkaa vizuri."

"Haya. Na mikono? Mikono yake aliiweka wapi?"

Avelina akainua macho kwenye turubai, akaanza kuitafutia ile mikono mahali pa kukaa.