Bafta ya Gauni la Malkia

Sogea, msikilizaji wangu, nikueleze taratibu. Mimi ni fundi cherehani hapa Lipangalala. Shule moja iliniomba gauni la malkia wa Uingereza ya kale kwa ajili ya igizo: sketi pana kama tenga la kuku, na kola ya marinda kuzunguka shingo. Nikapanga kulijaribia kwanza kwa bafta nyeupe, kwa kuwa ni rahisi.

Mwenye duka nilikokwenda kuinunua alijua mama yangu yu kitandani, mgonjwa. Akapima, kisha akasema, "Pole sana, dada."

"Asante. Tumwachie Mungu," nikajibu, nikidhani ananipa pole ya ugonjwa. Tena nikamwomba aongeze, maana gauni ni refu!

Kichwani nilikuwa na malkia tu. Nikasahau kwamba bafta ndiyo sanda yetu. Nilikuwa nimevaa kola shingoni, nakata sakafuni, majirani walipoingia na kuni na mikeka, wakilia.

Chumbani mama akauliza kwa sauti nyembamba, "Mwanangu, wanamlilia nani?"



Ukinunua bafta na nyumbani kuna mgonjwa, mwambie muuzaji unakwenda kushona nini, kabla hajaikata.