Mtu wa Arobaini

Niliporudi Miburani kutoka Mombasa, nikiwa na sanduku moja na nia ya kukaa wiki mbili, nilikuta kijiji kina misikiti miwili na hakina Ijumaa.

Chanzo kilikuwa barua. Jumuiya ya Waislamu yenye makao makuu Dar es Salaam iliandika kwamba tangu sasa maimamu wa matawi yote watateuliwa na makao makuu. Jumuiya yetu ya kisiwani ikajibu kwamba yenyewe si tawi la mti wa mtu. Mjomba wangu, imamu wa miaka mingi, akabaki na watu wake katika msikiti wa zamani; imamu mpya, mwenye cheti cha Dar es Salaam, akajengewa banda la makuti nyuma ya duka.

Sisi Washafii Ijumaa yetu haisihi bila wanaume arobaini, wakazi wa mahali. Zamani walitimia na kuzidi. Baada ya kugawanyika, kila upande ulihesabu vichwa ukakuta haufiki, wote wakawa wanaswali adhuhuri tu, huku kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kuivunja dini.

Upande wa mjomba walikuwa thelathini na tisa. Sijawahi kupokewa vizuri kama siku ile.

Wale wa pili wakakimbilia kwa liwali, kwamba mimi sihesabiki: mkazi ni yule asiyehama masika wala kiangazi ila kwa haja. Liwali alikuwa amekataa kuigusa katiba ya jumuiya, maana ilikuwa ya Kiingereza na kila upande ulileta tafsiri yake. Swali hili lakini lilikuwa la vitabu vyake vya sheria ya dini. Mwenye arobaini, akasema, ndiye mwenye Ijumaa mpaka Dar es Salaam waijibu barua ya kisiwani.

Njiani kwenda barazani kwa liwali, Kilindoni, mjomba aliniambia, "Mpwa wangu, usiseme uongo kwa ajili yangu." Tukatembea kidogo. "Lakini kweli nayo haina haraka."

Mwenye duka, msemaji wa wale wa pili, akasimama kuyasimulia maisha yangu. "Huyu Tanga kakaa, Unguja kakaa, Mombasa kakaa. Mama yake kafa, yeye yuko Lamu! Bwana Liwali, huyu hata kivuli chake hakimjui."

Watu wakacheka. Nami nikacheka; hakukosea hata neno moja.

"Unakusudia kukaa?" liwali akaniuliza.

Nikamtazama mjomba. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Bila Ijumaa alikuwa mzee tu mwenye kanzu safi.

"Nakusudia," nikasema.

Ijumaa ile mjomba alihutubu mpaka wengine wakasinzia. Wiki iliyofuata, kabla hajapanda mimbari, akanivuta pembeni. "Bado unakusudia?" Nisingenuia, swala ya wote ingebatilika.

"Bado."

Akaniuliza hivyo kila Ijumaa, mwaka mzima, kama tabibu anayemwuliza mgonjwa habari za choo.

Jibu la Dar es Salaam halikuja. Aliyekuja ni mwenye duka: wenzake walimnyima ukatibu, akahamia kwetu. Mjomba alimkumbatia mlangoni kama ndugu aliyetoka Makka. Kisha akahesabu safu, midomo ikimcheza, akafika arobaini na moja. Akanijia uso umemkunjuka.

"Mpwa wangu," akasema, "mashua ya Dar es Salaam inaondoka lini?"

Nikamwambia sijui. Alishangaa. Hata mimi nilishangaa.