Mapigo Manane Niliyoyakata

Nakumbuka siku moja niliyoikata sauti ya marehemu nikidhani nafuta uchafu. Nalitaja kosa hilo mwanzoni kabisa, mwanangu, kwa sababu najijua: nikiliweka mwisho nitalipamba mpaka lifanane na bahati mbaya. Halikuwa bahati mbaya. Nililifanya kwa makusudi na kwa uangalifu mkubwa, na nilipomaliza nikajisifu.

Nakuita mwanangu, na umri wangu ni miaka thelathini na moja tu. Najua nasaha ni kazi ya wenye mvi. Maneno haya nimeyaanza mara tano na mara tano nimechana karatasi, kila mara nikiona sentensi ya kwanza ina kasoro. Nivumilie. Nikisubiri mpaka nizeeke, au mpaka niandike bila kasoro, wewe utakuwa umeshakosea kama mimi.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikiishi na mama yangu Lewisham, mtaa wa London. Asubuhi nilisafisha ofisi. Kuanzia mchana nilikuwa fundi wa sauti. Hakuna aliyenifundisha. Niliazima vitabu maktaba, nikanunua kompyuta kuukuu, nikatengeneza kwa mikono yangu mashine ya kuchezea zile tepu pana za studio ambayo mtu alikuwa ameitupa. Watu wa kanisani waliniletea kaseti za harusi, za mahubiri, za sauti za wazazi waliobaki nyumbani, nami niliwatolea CD. Walinisifu, na sifa zao hazikunitosha, kwa maana nilikuwa na ugonjwa mmoja: kila mkwaruzo na kila kikohozi kilinikera kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Niliweza kukaa siku nzima na sekunde moja.

Basi Jumatatu moja alikuja Baba Neema kutoka Woolwich. Alikuwa mzee mwembamba aliyefanya kazi ya kuwatunza wazee wenzake majumbani mwao. Mkononi alishika mkebe wa biskuti, na ndani ya mkebe mlikuwa na tepu.

"Huu wimbo ni wetu," alisema. "Wa bendi yetu ya Nakuru, miaka ya sabini. Ulikaa juu redioni wiki nyingi kuliko wimbo wowote mwaka ule."

Niliitikia kwa kichwa kwa heshima, lakini sikuujua. Mama yangu aliokoka kabla sijazaliwa, na nyumbani kwetu ziliimbwa nyimbo za Mungu tu. Tulihamia London nikiwa na miaka minane.

Alinieleza kwamba mwimbaji wao, rafiki yake Jairo, alikuwa amefariki wiki iliyopita huko nyumbani. Yeye asingeweza kwenda kumzika. Karatasi zake zilikuwa bado kwa watu wa uhamiaji, na akitoka hangerudi. Kwa hiyo Jumamosi Wakenya wangekutana katika ukumbi wa kanisa Woolwich kumkumbuka, na wimbo ungepigwa. Santuri ya wimbo aliyokuwa nayo ilivunjika miaka mingi nyuma. Kilichobaki kilikuwa hicho ndani ya mkebe.

"Niondolee vumbi tu, fundi. Nataka nimsikie."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza chochote. Sikumwuliza hata jina lake. Alikuwa Baba Neema, kwa sababu binti yake anaitwa Neema, na kwetu kijana hamwiti mzee kwa jina alilopewa na mama yake. Ni desturi nzuri. Siku hiyo ilinigharimu.

Tepu za aina ile zikizeeka gundi yake huoza. Niliipitisha kwenye mashine mara moja, na nyuma yake ikaacha unga wa kahawia kama ugoro. Nilijua haitapita mara ya pili. Lakini wimbo ulikuwa umeingia kwenye kompyuta wote, nami nikaanza kusafisha. Siku mbili nilisugua. Ulikuwa wimbo mzuri, mwanangu, gitaa likicheka chini ya sauti ya mtu anayebembeleza. Ila karibu na mwisho palikuwa na balaa. Kitu kililia kama bati, gitaa likanyamaza, ngoma na besi zikaenda peke yake, kisha mtu akasema, kama anayezungumza jikoni: "Elkana, usijali. Twende hivyo hivyo." Ndipo gitaa likarudi.

Nilicheka. Nikajisemea, hawa watu walikuwa na haraka gani hata wakaacha takataka hii ndani? Nikakata. Nikaunganisha ngoma na ngoma kwa namna ambayo hakuna sikio lingejua. Kisha nikafanya jambo baya zaidi: nikafuta kopi ya kwanza. Nafasi kwenye kompyuta ilikuwepo. Niliifuta kwa kuwa sikuweza kuvumilia kwamba mahali fulani duniani kuna wimbo huo ukiwa na doa.

Jumatano nikapanda basi hadi Woolwich na CD yangu. Baba Neema alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka kazini, hakuvua hata koti. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kufumba macho. Wimbo ulipokaribia mwisho aliinua mkono wa kulia kidogo, kiganja juu, kama mtu anayetaka kupokewa salamu. Wimbo ukapita. Mkono ukabaki hewani.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha. Mkono ukainuka tena, ukabaki tena.

"Jairo yuko wapi?"

"Si huyo anaimba, mzee?"

"Hapo anaponiita."

Sikuelewa. Nikamwambia kwa fahari kwamba palikuwa na hitilafu ya studio, mtu mmoja anamsemesha mwingine anayeitwa Elkana, na kwamba nimeiondoa bila alama.

"Elkana ni mimi," akasema.

Kisha akanisimulia, mwanangu, na ninakusimulia ili ujue kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Walitoka Nakuru kwa basi la alfajiri kwenda kurekodi Nairobi. Walipewa saa moja tu, na bendi nyingine ilikuwa nje ikingoja zamu. Mara mbili waliharibu. Mara ya tatu mambo yalikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, ndipo uzi wa gitaa la Elkana ukakatika. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mdogo kuliko wote, na gitaa lenyewe aliliazima kwa mwalimu wake. Alisimama kama mti. Alifikiri amewaua wenzake. Jairo akageuka, maikrofoni iko mdomoni, akasema yale maneno. Naye Elkana akaendelea na nyuzi tano, akizitafuta sauti mahali ambapo hakuwahi kuzitafuta, na lile gitaa la mwisho ambalo nchi nzima ililipenda lilizaliwa hapo, kwa kukosa uzi.

"Tulirudi Nakuru tumenyamaza, tunaona aibu," alisema. "Kumbe watu walipenda pale pale. Mwalimu akikosa chaki darasani, twende hivyo hivyo. Bibi harusi akichelewa, twende hivyo hivyo. Na kila redio ilipowashwa, Jairo aliniita kwa jina langu. Hapa London, fundi, kuna mtu mwingine yeyote umewahi kumsikia akiniita Elkana?"

Nikasema sijamsikia.

"Nirudishie basi ile ya kwanza."

Ilibidi niseme. Nilijaribu kuanza na maelezo ya gundi na unga na nafasi ya kompyuta, akaniacha niseme yote, halafu akanijibu kwa sauti ya chini: "Ulisikia mtu akiitwa, ukaona ni takataka."

Alivua koti, akalitundika, akanifungulia mlango kwa adabu ile ile aliyonipokea nayo. Mwanangu, nimewahi kutukanwa na watu wenye midomo mikali. Hakuna tusi lililonifuata kama ule mlango uliofunguliwa kwa adabu.

Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa mtundu, hakuniacha nikae. Alhamisi nilizunguka kila kibanda cha kaseti sokoni Woolwich. Nikapiga simu kwa watu nisiowajua. Sikula. Nilikuwa nikikaa nasimama, nikisimama nakaa, mpaka mama akaniuliza kama nimemwibia mtu. Jioni mtu akaniambia kuna mama wa Kihindi Harrow ambaye mumewe alikuwa na duka la santuri Nairobi. Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikavuka London nzima.

Aliitwa Bi. Nirmala, na Kiswahili chake cha Nairobi kilikuwa kizuri kuliko changu. Akanipa chai kabla sijamaliza shida yangu.

"Santuri hiyo sina. Hata ile ya kwangu mwenyewe niliuza. Mteja alilia, utafanya nini?" Akanyoosha mkono. "Lakini lete nisikie."

Nilimvalisha hedifoni. Akawa anayumbisha mabega, na kidole kikipiga kochi. Wimbo ulipofika pale nilipokata, akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu waliozibwa masikio: "Elkana, usijali!" Kisha akashtuka, akaivua hedifoni.

"Nani amekata hapa?"

"Mimi, mama."

"Wewe ni fundi wa suruali? Unapunguza?" Alinitazama mpaka nikaangalia zulia. "Watu walikuja dukani hata jina la wimbo hawajui. Wanasema, nipe ile ya twende hivyo hivyo. Sasa umewaachia nini?"

Nikamwambia sina namna, sauti imekwenda, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Sauti imekwenda, ndiyo. Na nafasi yake je? Hiyo pia umetupa?"

Akaanza kupiga makofi polepole, ngoma ya pale, huku akiyasema maneno. Tulihesabu pamoja. Yalikuwa mapigo manane.

Nilirudi Lewisham, nikachukua ngoma na besi kutoka mwanzo wa wimbo, nikazipachika pale nilipokata. Mapigo manane ya ngoma na besi, bila gitaa, bila mtu. Yalisikika kama jino lililong'oka. Nilitaka kuyafunika kwa kitu chochote kizuri. Nikajizuia.

Jumamosi ukumbi ulijaa wauguzi, watunzaji, wafagiaji, wanafunzi. Nilikaa kando karibu na spika, na Baba Neema safu mbili mbele yangu, ubavu wake kwangu. Sikuwa nimemwambia nilichofanya. Niliogopa kumwahidi kitu mara ya pili. Nikabonyeza. Wimbo ukaenda, watu wakatabasamu, wengine wakafuta macho. Nilihesabu kama mtu anayengoja hukumu. Gitaa likanyamaza. Ngoma ikabaki.

Pigo la kwanza, kimya. La pili, kimya. Nikajua nimemwaibisha mzee mara mbili.

Halafu mwanamke mmoja nyuma yangu akalisema lile jina, na kabla halijaisha ukumbi wote ulikuwa unalisema: "Elkana, usijali. Twende hivyo hivyo." Mamia ya koo, wengine wamechelewa, wengine wamewahi, hakuna aliyefuata mwenzake. Niligeuka kumtazama yule aliyeanza. Alikuwa mama yangu, aliyekuja bila kuniambia, mama yule yule aliyeokoka kabla sijazaliwa.

Mbele yangu, mkono wa kulia ulikuwa umeinuka, kiganja juu. Nikamsikia Baba Neema akijibu, jambo ambalo nadhani hakulifanya siku ile studioni: "Naam." Kisha gitaa likarudi, na vidole vyake vya kushoto vikalifuata juu ya goti.

Baadaye alinijia nikikunja nyaya.

"Sauti ya Jairo haikuwepo," alisema.

"Haikuwepo, mzee."

"Lakini nimeitwa." Akanishika bega, si kwa nguvu, akaenda kula.

Sikudanganyi kwamba alinisamehe siku hiyo; sijui. Ninachokijua ndicho ninachokupa. Mwanangu, kabla hujaondoa kitu kwenye kazi ya mtu, uliza ni cha nani. Mwulize jina lake, na asiposema mwulize tena kwa heshima; mtu hamheshimu mzee kwa kutomjua. Kinachokukera masikioni huenda ndicho mwenzako anachokingoja kwa mkono ulioinuliwa. Na kama wewe pia ni mgonjwa wa ugonjwa wangu, kumbuka kwamba mchagua nazi hupata koroma. Ukikata uzi, usisimame kama mti. Endelea na zilizobaki.

Mungu akupe masikio yanayosikia kabla ya mikono kukata, na akupe rafiki wa kukuita kwa jina lako siku utakapokwama, na watu wa kukuita badala yake akiwa hayupo.

Mimi bado nina wasiwasi, na mikwaruzo bado hunikera. Lakini siku hizi mtu akiniletea tepu, kwanza naandika jina lake kamili, kisha namwomba anisimulie wimbo wote kabla sijauwasha, na kopi ya kwanza siigusi.