Masuke ya Juu ya Moshi

Mdogo wa kiume wa Bi Ungo alisaga mbegu za mama yao, zikaliwa. Kosa ni hilo, na halihitaji kupambwa.

Hakuvunja mlango. Aliingia jikoni kwa mama yake mchana kweupe, akapindua kinu, akapanda juu yake, akashusha masuke yote ya mtama mwekundu yaliyokuwa yakining'inia juu ya moshi. Akayapura, akapeleka punje mashineni. Unga ukawalisha mafundi waliokuwa wakimjengea nyumba. Walikula siku mbili, wakashiba, wakafuta midomo.

Dada mtu alikuwa hospitalini anamuuguza mama. Ni mwanamke wa makamo ambaye hakukaa darasani hata siku moja. Ulipofika wakati wa kuandikishwa, ilionekana mmoja lazima abaki shambani kuwinga ndege, na huyo mmoja akawa yeye. Mdogo wake alikuwa bado hajatambaa, akambeba mgongoni huku anapiga debe na kupiga kelele hadi sauti ikamkauka. Mtoto alipokua, akapelekwa shule. Yeye akabaki na ndege.

Basi badala ya herufi alijifunza mtama. Aling'ata punje moja akajua kama imekauka. Alipepeta ungo akiwa amefumba macho, na ndiyo maana pale kwenye mashine ya kusaga, anapofanya kazi ya kupepeta nafaka za wateja, wanamwita Bi Ungo. Wateja wanamtania kwamba hata mumewe ni yeye aliyempepeta, akaona ni makapi matupu, akampeperusha. Anacheka nao. Mume alikwenda mwenyewe, lakini utani huo una nafuu kuliko ukweli.

Kuchagua mbegu alifundishwa na mama. Kabla mtu hajavunja suke hata moja la kula, mama aliingia shambani peke yake na binti nyuma yake. Hakuchukua suke kubwa kuliko yote, kwa sababu kubwa huenda lilinenepa kwa bahati ya samadi. Alitafuta mmea uliosimama katikati ya mingine, uliogombea maji na wenzake na bado haukulala. Suke la mmea huo alilifunga kitambaa, na tangu hapo hakuna aliyeligusa. Baadaye masuke hayo yalifungwa mawili mawili, yakaning'inizwa juu ya mafiga ili moshi uyakinge na fukusi wanaotoboa punje. Mtama wa kula ulikaa mtungini, chini. Mama alikuwa akisema wa mtungini ni wa tumbo, wa juu ni wa kesho. Punje ni ile ile, imetoka shamba lile lile. Tofauti ni mahali ulipoiweka na neno ulilojiwekea. Mtu asiyelijua neno hilo akiinua macho ataona chakula kinaning'inia.

Kule hospitalini mama alikuwa ameshindwa kula. Siku moja akamshika binti mkono, akamwambia, "Niletee uji wa mtama wetu. Chota mtungini, wa juu usiuguse."

Alikwenda mbio. Mtungi aliukuta mtupu, umeinamishwa ukutani. Akainua macho. Juu ya mafiga zilibaki kamba tu, nyeusi kwa masizi, kila moja na kitanzi chake kisichoshika kitu.

Alikimbilia mashineni kuuliza kama kuna yeyote aliyeona mtama mwekundu ukipita. Fundi wa mashine akamtazama kwa mshangao. Alimweleza kwamba mdogo wake alikuja na gunia mara mbili. La pili lilinukia moshi, naye alijua hiyo ni mbegu, lakini alidhani dada mtu ndiye aliyemtuma. Nani mwingine angethubutu?

Dada alichukua unga wa dukani, akapika uji, akaupeleka. Mama akaonja kijiko kimoja.

"Huu si wetu," alisema, bila lawama, kama mtu anayekuambia umegonga mlango wa jirani. Akageuza uso ukutani. Siku ya tatu akafariki.

Baada ya maziko alimvuta mdogo wake pembeni. Yule alikuwa na macho mekundu, maana naye alimpenda mama, hilo dada hawezi kulikataa.

"Dada, nafaka ni nafaka," alisema. "Mtungi uliisha, mafundi wana njaa, ningefanyaje? Mbegu zimejaa madukani. Nitakununulia."

"Nenda basi," dada alimjibu. "Na ukifika, uliza kama mama naye wanamuuza."

Hawakusemeshana tena mpaka mvua.

Miezi hiyo alinusa kila unga uliopita mashineni. Mweupe, wa njano, wa kahawia, wote ulimwingia puani, na hakuna uliokuwa wa mama. Uji wa mama ulikuwa na rangi ya udongo uliolowa, na uchungu mdogo uliobaki nyuma ya ulimi. Utotoni alikuwa akiukunjia uso. Sasa alikuwa akiamka na ule uchungu mdomoni, anaumeza polepole ili usiishe, na ukishaisha anajilaumu kwa kuumeza.

Mvua ilipokuwa imenyesha wiki kadhaa, wifi yake alimtumia salamu aje kuchukua ungo wa mama. Alikwenda. Nyuma ya nyumba mpya palikuwa na rundo la udongo uliobaki wakati wa kukandika kuta, na juu ya rundo wifi alikuwa ameshika jembe anang'oa majani.

"Wifi, simama hapo hapo."

Wifi akaganda na jembe hewani, akidhani ni nyoka.

Palikuwa na mimea mitatu iliyosimama na mmoja uliokwisha kung'olewa. Shina lilikuwa na wekundu chini, na jani lilikuwa na ule mstari aliokuwa akiufuata kwa kidole akiwa mtoto. Aliuliza, akajibiwa. Baada ya kupura mtama, mdogo wake alichanganya makapi yote na udongo ili ukuta usipasuke. Hakuyapepeta vizuri. Aliyepelekwa shule hakujua kupepeta, na katika uzembe wake punje chache zilinusurika.

Bi Ungo alikaa chini kwenye matope. Wifi akaliweka jembe, akakaa naye.

Tangu siku hiyo, kila akitoka kazini alipitia pale. Mmoja uliliwa na mbuzi. Miwili ikatoa masuke, naye akayafunga vitambaa ndege wasiyafikie. Mdogo wake alipita akimtania kwamba amewavisha shela maharusi wawili na bwana harusi hajulikani. Dada akakaza vitambaa. Aliogopa akifungua mdomo yatamtoka mengine, na mtama uko kwenye uwanja wa mwenyewe.

Siku ya kuvuna mdogo wake alisimama mlangoni. Alisema udongo ni wake, kwa hiyo wagawane, suke moja kila mtu. Wifi alimtazama mumewe kwa jicho ambalo halikuhitaji maneno. Mume hakugeuza kauli. Lake alilitundika juu ya mlango wa sebuleni, likawa pambo, na wageni wanalisifu.

Dada alikwenda na lake. Amelining'iniza juu ya mafiga yake, kwenye mojawapo ya zile kamba nyeusi za mama alizozihamishia jikoni kwake. Jioni anawasha moto, analitazama likishika rangi ya moshi. Hawezi kulipika. Atapanda, avune, achague, apande tena, na pengine msimu wa tatu ndipo atakapoweza kuchota wa tumbo bila kugusa wa kesho. Uchungu ule nyuma ya ulimi bado uko mbali, na mtu aliyeuomba hatakuwapo kuuonja.

Uji wa mama haulipiki, na dada hamdai mtu uji huo. Lakini mdogo wake anadaiwa mambo mawili. La kwanza ni lile suke la mlangoni, kabla fukusi hawajalimaliza, maana huko hakuna moshi. La pili ni neno moja, "nilikosa", aje alisemee jikoni, chini ya zile kamba, yeye mwenyewe, si kwa kumtuma wifi.